Safu ya Mchezo

Munyao, askari wa lango, aliwamwaga samaki wote sita kwenye vumbi. Akachagua wawili wembamba, akamrushia Bare. Wale wanne wanono akawasogeza kwa ncha ya buti mpaka kando ya kibanda chake, kwenye sufuria na majivu ya jana.

"Hesabu yako ni wawili," alisema. "Chukua uende, kuna watu nyuma."

"Jana sita. Juzi sita," Bare alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Leo kwa nini mbili?"

"Leo orodha imefika. Wewe umeandikwa mchezo. Mtu wa mchezo ni samaki wawili kwa siku, basi."

"Na wale?" Bare alionyesha kwa kidevu wanaume wawili Wamunyoyaya, wenyeji wa ukingo wa mto, waliokuwa wamepita sasa hivi na vikapu vimejaa.

"Wale wameandikwa chakula. Wa chakula huhesabiwa kwa midomo ya nyumba. Wewe mwenyewe uliulizwa, ukajibu kwa mdomo wako."

Munyao hakuwa mtu wa kunong'ona. Foleni nzima ilisikia, wanawake wenye madebe ya maji na wazee wenye punda. Bare aliokota samaki wake wawili, akawapangusa vumbi, akawaficha chini ya shuka. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Ukoo wake ni watu wa ngamia na ng'ombe, na kwao mtu anayekula mallaay, yaani samaki, ni mtu aliyekwisha, hana wa kumwoza binti wala wa kukaa naye chai. Kila siku alipita langoni na samaki chini ya shuka, na kila siku watu walijifanya kutazama kwingine. Huo ulikuwa wema wao kwake. Leo Munyao alikuwa ameuharibu kwa sauti moja tu.

Na hao samaki wanne? Jioni walikaangwa kibandani. Harufu ilifika mpaka safu ya mwisho ya vibanda vya kijiji, wala hakuna aliyeuliza sheria inasema nini juu ya sufuria ya Munyao.

*

Kijiji chenyewe kilikuwa na namba, hakikuwa na jina. Namba Tatu. Watu walikusanywa humo kutoka malishoni, wakazungushiwa uzio wa miiba na waya ili wasiwape shifta, waasi wa msituni, chakula. Mifugo ilikuwa mikononi mwa serikali tangu mwaka jana, mwaka wa sitini na sita. Lango lilikuwa moja, la kwenda mto Tana, lilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa sita. Kila nyumba ilipewa unga wa mahindi wa siku nne, nao ulitakiwa utoshe siku saba. Siku tatu zilizobaki zilikuwa shauri yako na Mungu wako.

Nyumba ya Bare ilikuwa na midomo sita: yeye, mkewe Rukiyo, watoto watatu, na mama yake mzazi, Kaaha, waliyemwita hooyo, yaani mama, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu hata alimjua mtu kwa sauti.

"Wawili?" Rukiyo alifunua shuka, akafunua tena kana kwamba wengine wamejificha kwenye pindo. "Wengine wako wapi?"

"Punguza sauti. Hooyo atasikia."

Walitoka nyuma ya kibanda. Bare akamweleza kwa Kisomali, kwa kifupi, huku akitazama chini. Majuma mawili yaliyopita Gitau, karani wa kijiji, alikuwa amepanga mezani orodha ya kila mtu anayekwenda mtoni na ndoana. Karatasi ilikuwa na safu tatu. Unavua kwa biashara, kwa chakula, au kwa mchezo?

"Nawe ukasema mchezo."

"Nunow alikuwa nyuma yangu. Mtoto wa baba yangu mdogo, Rukiyo! Ningesema nini mbele yake? Ningesema nakula mallaay?"

"Unakula."

"Najua nakula!"

"Basi ungesema!" Rukiyo alishika kiuno. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini siku hiyo yalimtoka yote. "Mchezo! Mwanamume mzima, ndevu zimeingia mvi, anaenda mtoni kucheza. Watoto wangu nao wacheze? Leo nimlaze nani na njaa, Bare? Nichagulie. Sema jina."

Rukiyo aliingia ndani, akachemsha samaki, akawachambua mwiba mmoja mmoja kwa vidole kama alivyofanya kila siku, akaivuruga nyama kwenye mchuzi na chumvi. Bakuli la kwanza alimpelekea mkwewe.

"Mbuzi wa chifu amekonda leo," Kaaha alisema baada ya kuonja.

"Ndiyo, hooyo. Ukame."

Ndivyo alivyoambiwa tangu siku ya kwanza, kwamba Chifu Bulle huchinja na kuwagawia jirani zake. Bibi huyo alizaliwa katika boma lenye ngamia wasiohesabika. Bare alikuwa radhi aonekane mjinga na hata mwongo, lakini si yeye wa kumwambia mama yake kwamba amekuwa akila samaki kwa miezi mitano.

*

Asubuhi ya pili Bare alikwenda ofisini. Gitau alikuwa kijana mwenye miwani na shati lililopigwa pasi, aliyeletwa kutoka Murang'a, naye akihesabu siku za kurudi Murang'a. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mtu mbaya, maana huyo unaweza kumchukia ukapumzika.

"Shida gani, mzee?"

"Mimi nafua samaki..."

"Unafua samaki?" Gitau aliinua macho, akatabasamu. "Kwa sabuni gani?"

Tarishi aliyekuwa mlangoni alicheka. Bare alijua kosa lake liko kwenye ulimi, v yake hugeuka f tangu utotoni, na alijua pia kwamba hata akirudia mara mia itatoka vilevile.

"Nafua kwa mto. Na ndoana. Wewe umeandika mimi mchezo. Mimi nataka toa mchezo."

Gitau akafungua jalada, akatoa karatasi iliyopigwa chapa. Sheria yenyewe, tuseme kweli, haikuwa mbaya huko ilikotungwa. Pwani kulikuwa na mabwana wenye mashua za injini, waliovua nduaro na mbasi kwa starehe, wakawatundika wapigwe picha, kisha wakawaacha ufukweni waoze. Samaki wale wakubwa wa baharini walianza kuadimika. Wakubwa wakakata shauri: anayevua kwa mchezo asizidishe wawili kwa siku. Nani angepinga? Lakini karatasi ilipigwa nakala nyingi, ikatumwa kila penye maji, na nakala moja ikapanda lori la msafara wa jeshi mpaka Namba Tatu, ambako hakuna aliyewahi kumwona nduaro hata kwenye noti.

"Hiyo ni ya bahari," Bare alisema baada ya kusomewa.

"Nami niliuliza hivyo hivyo. Nikajibiwa, Tana inaishia wapi?"

Tana inaishia baharini, hilo hata mtoto anajua.

"Tena mzee, sikiliza," Gitau akashusha sauti. "Hapa kuna vita. Samaki wa ziada wa mtu asiyekula samaki, wakubwa wanauliza, anakwenda wapi? Anakwenda msituni? Wewe umesema unacheza. Mchezaji anataka samaki sita wa nini?"

"Wallahi hakuna msituni. Wanakwenda... nyumbani."

"Kufanya nini?"

Tarishi bado alikuwa mlangoni. Bare aliangalia mikono yake.

"Sema tu, nyumbani wanafanywa nini?"

"Wanakaa," Bare alisema.

Gitau akafunga jalada. "Ukitaka kuhama safu, njoo kwenye baraza Jumatano. Utasimama mbele ya chifu na watu wako, useme unakula samaki, na uwataje wote wanaokula nyumbani kwako. Watu wasikie, wasije wakasema nimehongwa. Hiyo tu."

Hiyo tu! Alisema kama vile mtu anaombwa kuvua kofia.

*

Jumatano ya kwanza Bare hakwenda. Alisema ana homa.

Kwa siku nane walikula samaki wawili wawili. Rukiyo aligawa kwa kijiko: bibi kwanza, watoto wapate, na yeye na Bare wakanywa maji ya chumvi yaliyobaki chunguni. Akina mama wengine walikuwa na vyao vya kuficha, hakuna aliyekuwa na cha kuazima. Bare alijaribu kumficha samaki wa tatu kiunoni. Munyao alimpapasa mbele za watu, akamtoa kwa mkia, akamwinua juu.

"Huyu naye alikuwa anacheza wapi?"

Watu walicheka. Hata Bare alicheka kidogo, kwa aibu, kisha akajichukia njia nzima.

Alimwendea Nunow faraghani. "Ina adeer, ndugu yangu, Jumatano nikisimama, wewe usiwepo. Nakuomba."

Nunow alikuwa akijipiga mswaki wa mti. "Kusimama kusema nini?"

"Unajua kusema nini."

"Mimi sijui kitu, wala sitaki kujua." Nunow alitema mate pembeni. "Ukishasema, mimi nitakuwa nimejua. Na Aden wa kule Banissa, anayetaka kumposa binti yangu, naye atajua. Vumilia, Bare. Wote tunavumilia."

"Wewe unavumilia kwa kula nini?"

Nunow akaendelea na mswaki wake.

Siku ya tisa, Bishara, kitinda mimba wa miaka miwili, hakutoka kitandani asubuhi. Hakulia. Rukiyo alimsimamisha, magoti yakakunjika, akaketi tena na kumtazama mama yake bila kinyongo. Rukiyo hakumgombeza mumewe. Alimchukua mtoto, akamweka mapajani mwa Bare, akaenda kuteka maji. Bare alikaa na yule mtoto mpaka jua likapanda, akimsikia jinsi alivyo mwepesi. Hasira ilimjaa, hasira isiyo na pa kwenda. Amkasirikie nani? Nduaro?

"Kesho Jumatano," alimwambia Rukiyo aliporudi. "Umchukue hooyo mbali, kwa rafiki yake Fatumo, wakasuke mikeka. Asiwe karibu."

*

Lakini Kaaha alikuja. Alishika bega la mjukuu wake mkubwa, akapita katikati ya watu waliochuchumaa, akaketi upande wa wanawake. Rukiyo alimtazama mumewe kutoka mbali, akafungua viganja: nimeshindwa.

Gitau alikuwa mezani na karatasi zake. Chifu Bulle, mzee mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alisimama kutafsiri. Walimaliza habari za unga, wakamaliza habari za punda aliyevunja uzio. Kisha jina likaitwa.

Bare alisimama. Nunow alikuwepo, safu ya pili, macho chini.

"Sema sababu yako," alisema Gitau.

"Mimi..." Alianza kwa Kiswahili, akakwama, akageukia Kisomali ili amalize mara moja. "Sichezi mtoni. Hakuna mchezo. Ninavua tule. Ninakula samaki."

Bulle akatafsiri. Nyuma mtu alisema, "Astaghfirullah." Mwingine alicheka puani.

"Wataje," Gitau alisema. "Mmoja mmoja."

"Mimi Bare. Rukiyo, mke wangu. Maka, binti yangu. Dubow, mwanangu. Bishara, mdogo."

Kalamu ya Gitau ilikuwa ikienda. "Watano. Wengine?"

Ilikuwa rahisi kusema hakuna. Watano wangeandikwa watano, na kila mtu angejua amemheshimu mama yake. Lakini Bare alikwisha kuzoea hesabu za siku tisa, na alijua kijiko cha asiyeandikwa kinatoka kwenye bakuli la nani.

"Na mama yangu," alisema. "Kaaha."

Alisubiri mama yake apige kelele. Hakupiga. Alikuwa amegeuza uso kumfuata kwa sikio.

"Sita," Gitau alisema, akapiga mstari. "Vizuri, mzee. Umefanya la maana. Sasa nitaandika barua, itaondoka na msafara ujao. Orodha ya kwanza ilikwisha kwenda Nairobi, kwa hiyo wa kukuhamisha safu ni wao, si mimi."

"Itachukua siku ngapi?"

"Inategemea barabara. Kukiwa na mabomu barabarani, miezi miwili. Mitatu."

"Na leo?"

"Leo bado ni mchezo. Mpaka jibu lije, wawili."

Bare hakuelewa, au alielewa akakataa. Alimtazama Bulle, Bulle akatafsiri neno kwa neno, kwa masikitiko.

"Kwa nini hukusema?" Bare alirudi kwenye Kiswahili chake, sauti ikapasuka. "Kwa nini hukusema kabla? Mimi nimesimama hapa! Mimi nimetaja mama yangu hapa!"

"Hukuniuliza, mzee."

Hapo baraza likachafuka. Wengine walisema amejitakia, wengine walisema huu sasa ni uonevu, na waliosema ni uonevu walisema kwa sauti ndogo. Bare alibaki amesimama. Alikuwa amevuliwa nguo bure, na sasa hakujua afanye nini na mikono yake.

"Bulle." Sauti ilitoka upande wa wanawake. Kaaha alikuwa amesimama, mkono kwenye kichwa cha Maka. "Mwulize huyo kijana maneno yangu."

"Hooyo, kaa," Bare alisema. "Nisamehe. Kaa tafadhali."

"Nikusamehe nini? Unadhani mimi sijui? Mbuzi gani ana miba?"

Kisha mwanamke mmoja akaangua kicheko, akaziba mdomo.

"Mkeo anachambua vizuri, lakini kila siku unapita mmoja," Kaaha aliendelea. "Nilinyamaza kwa sababu wewe ulikuwa unapata raha kunidanganya. Sasa Bulle, mwulize. Hao samaki wawili ni wa nyumba au wa mtu?"

Bulle akauliza. Gitau alisoma karatasi yake, akafuata mstari kwa kidole. "Wa mtu. Kila mvuvi wa mchezo, samaki wawili kwa siku."

"Na hiyo safu ya mchezo, imefungwa?"

"Ya chakula ndiyo imefungwa. Ya mchezo iko wazi, maana ndiyo waliyoagiza ijazwe."

"Mtu mzee anaruhusiwa kucheza?"

Gitau alivua miwani. Alipekua ukurasa wa pili, akageuza nyuma, akarudi mbele. Watu wote walimngoja. Karatasi ilikuwa imefikiria mashua na injini na urefu wa nduaro, haikuwa imefikiria swali hili.

"Haikukatazwa," alisema mwishowe.

"Basi niandike. Kaaha. Mchezo." Akageuza uso kwa wanawake. "Rukiyo yuko wapi? Rukiyo, simama, nawe unacheza."

*

Siku iliyofuata watatu walishuka mtoni. Bare alimkalisha mama yake pale ukingo ulipokuwa salama na kumpa uzi, maana sheria ilitaka mvuvi awe na uzi mkononi. Uzi wake haukuwa na ndoana. Alikaa juani saa tatu nzima, ameushika kwa vidole viwili, akilalamika juu ya mbu na harufu ya matope. Bare alivua wa wote. Kila alipogeuka akamwona pale, binti wa wenye ngamia, na uzi mtupu majini, aligeuza macho upesi kwenye ndoana yake.

Saa sita kasoro wakafika langoni. Foleni ilikuwa ndefu. Munyao alifungua daftari.

"Bare, mchezo, wawili. Pita. Rukiyo, mchezo, wawili. Pita. Na huyu?"

"Kaaha," Bare alisema. "Angalia chini. Jana ameandikwa."

Munyao alimtazama bibi yule, akashusha kalamu. "Nyanya, samaki wako wako wapi? Lazima niwaone."

"Nimewashika, hooyo," Rukiyo alisema haraka, samaki wakiwa chini ya mtandio wake. "Twende tu, ataona huku pembeni."

"Nipe."

"Hooyo, watu wamejaa. Nunow yuko hapo hapo."

"Nimesema nipe samaki wangu."

Rukiyo akampa. Kaaha aliwapapasa mpaka akapata vichwa, akaingiza vidole kwenye matamvua kama Rukiyo alivyomwelekeza njiani, akawainua wote wawili juu ya kichwa chake. Maji yalimtiririka mkononi mpaka kwenye kwapa. Hakuweza kuona foleni iko upande gani, kwa hiyo aligeuka polepole, mzunguko mzima, ili asimkose mtu.

"Wawili," Munyao alisema, akaandika. "Pita, nyanya."